Mafundo Kumi, Fundo Bure

Wiki nzima nimesimamishwa njiani. Anayeuza samaki ananishika mkono: "Kalume bado amefungwa?" Anayetoka msikitini ananiita kwa sauti: "Safi amefika dukani?" Jamani, si mniache nipumue! Haya, kaeni vizuri. Leo nawapa yote niliyo nayo, na mkikasirika mkasirikieni Hamadi, si mimi.

Kwa aliyetukosa wiki zilizopita, nitasema haraka. Ni zamani zile, Kindu bandari ya mitumbwi, watu wa pwani wameshajenga na kuoa, na chumvi ni kitu cha kufungiwa ndani. Safi ni mke wa Kalume. Kalume ni Mugenya, mmoja wa wale watu wa mtoni, mpiga kafi, mtu anayeujua mto wa Lualaba kama uwanja wa nyumbani kwake. Lakini juma lililopita mtumbwi wake uligonga mwamba, na furushi la chumvi ya Uvinza likazama. Chumvi ikishazama, ndugu zangu, nani wa kuizamia?

Mwenye safari ile ni Bulaimu, mnyapara wa msafara. Alimtia Kalume kamba ya shingo siku ileile. "Atabeba pembe mpaka Tabora," alisema. Na watu waliotoka Kindu na kamba shingoni, hatujaona hata mmoja akirudi kuja kutusimulia safari ilikuwaje.

Njia ya kumwokoa ilikuwa moja. Safi alete mafundo matano ya samesame, ule ushanga mwekundu, kabla ngoma ya mwisho ya safari haijalia. Kama umesahau hesabu za babu zetu: nyuzi kumi za ushanga zikifungwa pamoja ndilo fundo. Neno hilo, fundo, ndilo limeniharibia usingizi wiki hii nzima.

Basi tulimwacha Safi anakwenda kwa Hamadi, kamba zake za ukindu zimefungwa kiunoni chini ya shuka. Ngoma ya kwanza kati ya tatu ilikuwa imeshalia.

Alikuta baraza limejaa wanawake. Ilikuwa siku ya kufungua mafundo, na kila mmoja alikuja na kamba yake.

Hamadi, mwenye duka, alikuwa mtu wa pwani, mnene, mwenye sauti ya asali. Aliona duka la jirani linamchukulia wanunuzi, akaleta ujanja. Ukinunua kibaba cha chumvi kwake, anakufungia fundo kwenye kamba yako ya ukindu. Mpiga mbiu akazungushwa mitaani: "Mafundo kumi, fundo bure! Kwa Hamadi tu! Kamba kufunguliwa mwisho wa Shaabani!"

Kindu ikapagawa. Hata waliokuwa wanapika bila chumvi wakaanza kununua chumvi.

Lakini hakuna aliyemfikia Safi. Ijumaa baada ya sala Hamadi alifunga mafundo mawili kwa kibaba kimoja, na Safi hakukosa Ijumaa. Mvua ikinyesha, chumvi ikaanza kulowana, Hamadi alitaka imtoke upesi, akafunga mawili pia. Wenzake wanakimbia kuanua nguo, yeye anakimbia dukani. Tena alikwenda na kibaba chake mwenyewe, maana kile cha Hamadi kilikuwa na kitako kinene, kinakula chumvi kuliko mnunuzi.

Akawa pia mnunuzi wa mtaa mzima. "Mama Asumani, jua kali, usijichoshe. Nipe, mi nitakuletea." "Zawadi, uko na mutoto mgongoni, kaa tu." Anakwenda, ananunua, anarudi na chumvi kamili, hata punje hakudokoa. Mafundo yanabaki kwake.

Mwanzoni alitaka shuka mpya tu. Sasa alitaka mume.

"Bwana Hamadi," alisema, akaweka kamba zake tano mbele ya mwenye duka. "Zimejaa."

Hamadi akazipitisha vidoleni moja moja. "Mashallah! Kamba tano! Bibi, wewe umenijengea duka hili."

"Nina haraka, Bwana."

"Na mimi sina la kukuchelewesha." Akachukua kibaba, akachota chumvi, akaisawazisha kwa kiganja, akamimina kikapuni mwa Safi. Akachota cha pili. Cha tatu.

Safi akakitazama kikapu. "Hii njo nini?"

"Haki yako. Kamba tano, vibaba vitano."

"Mi sikuomba chumvi. Nipe fundo yangu."

"Ndiyo hayo mafundo." Hamadi alikuwa bado anatabasamu. "Kila kibaba ulichonunua nilikufungia fundo. Yakifika kumi, fundo linalofuata ni bure. Yaani kibaba kinachofuata ni bure. Kuna lililofichika hapo?"

Barazani minong'ono ikaanza kupanda.

"Fundo ni ushanga!" Safi alisema.

"Ushanga? Ushanga umetoka wapi?"

"Mpiga mbiu wako alisema fundo bure!"

"Alisema fundo. Fundo ni hili." Hamadi akanyanyua kamba, akaubinya ukucha wake kwenye kifundo. "Kwetu pwani mtoto wa kunyonya analijua."

"Huku si kwenu pwani!"

Vibaba vitano vya chumvi! Bulaimu alitaka samesame, alisema samesame kwa mdomo wake. Safi akakishika kikapu, akakipindua juu ya gunia la Hamadi. Chumvi yote ikarudi ilikotoka.

"Chumvi yako sitaki," alisema. "Kaa nayo."

Wanawake wakashangilia. Hapo ndipo alipopaswa kuomba subira, lakini nani aombe subira wakati mumewe yuko kambani?

"Bwana Hamadi, nakuuliza mbele ya watu," Safi akaendelea. "Mbuzi wa Zawadi ulimununua kwa nini?"

Hamadi akasita. "Kwa... kwa fundo moja."

"Ulimupa kamba ya ukindu imefungwa?"

Kicheko kikalipuka. Zawadi, jirani yake Safi, yule mwenye mtoto mgongoni, akapaza sauti: "Aka! Alinipa ushanga! Samesame nyuzi kumi!"

"Basi siku ya kununua mbuzi fundo njo ushanga, na siku ya kutulipa fundo njo chumvi?" Safi akamtolea macho. "Bwana Hamadi, umekula mihogo yetu miaka mingapi? Neno yetu hukujua?"

"Aape!" Mama Asumani akasema.

Mama Asumani alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mtu asiyecheka ovyo. Alipoongea watu walipunguza kelele. "Ramadhani inaandama kesho kutwa. Hamadi aape kwamba siku alipomutuma mpiga mbiu, hakujua sisi tutasikia ushanga."

Hamadi akafungua mdomo. Akaufunga. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

Alijua! Bila shaka alijua! Mimi nawaambia, alijua tangu siku ya kwanza, akajitia hamnazo ili chumvi itoke. Lakini kuapa kwa uongo, na mwezi mtukufu uko mlangoni, hilo hata Hamadi lilimshinda.

"Mimi sitoi ushanga," akasema kwa sauti ndogo. "Mtanifilisi."

Ngoma ya pili ikalia kule gatini.

Safi akageuza kichwa kule, akamrudia Hamadi. "Kama hutoi, mi nakaa hapa mlangoni. Hakuna mutu ataingia. Leo, kesho, mpaka Idi."

"Na mi nakaa naye," Zawadi akasema.

Wakati huo mpiga kafi mmoja, mgeni, kafi yake bado inadondosha maji, akajipenyeza katikati ya wanawake. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Nyangwe. Akamwinamia Hamadi sikioni, akasema maneno machache. Hamadi akamtazama. Akamuuliza kitu. Mgeni akatikisa kichwa kukubali.

Basi uso wa Hamadi ukabadilika. Jasho likakauka, asali ikarudi.

"Wanawake wa Kindu," akasema, akanyoosha mikono, "mimi si mtu wa kugombana na wake za watu, na mfungo ndio huu unakuja. Nyinyi mmesikia ushanga? Basi ni ushanga! Kila kamba, fundo la samesame. Nimekubali."

Vigelegele vikapasua anga. Zawadi akamkumbatia Safi mpaka mtoto akalia. Na Safi? Machozi yalimtoka papo hapo, hakujali nani anaona. Hakumuuliza mgeni alisema nini. Nyinyi mngeuliza? Msijidai.

Hamadi akafungua sanduku, akatoa mafundo matano mekundu, akayapanga juu ya ubao. Safi akanyoosha mkono.

Mkono mwingine ukamtangulia. Mkono mrefu, mkavu.

"Ngoja kwanza," Mama Asumani akasema. "Hii chumvi ya kamba tano ilipikwa kwa nani?"

Safi akaurudisha mkono.

"Nakuuliza, binti. Wewe na Kalume muko wawili tu. Chumvi yote hii mulikula peke yenu?"

Wanawake wakaanza kutazamana. Lo! Mnaona mambo yanavyogeuka? Dakika chache zilizopita kifundo kilikuwa kifundo tu, kitu cha kutupa jalalani. Safi mwenyewe ndiye aliyekigeuza ushanga, kwa mdomo wake, mbele ya kila mtu. Sasa kila mtu alikikumbuka chake.

"Ijumaa zote alininunulia mimi!" mmoja akasema.

"Na mimi! Kibaba kila juma!"

Hata Zawadi akajitenga hatua. "Safi. Nilikuuliza. Nilikuuliza, 'Fundo yangu iko wapi?' Ukanijibu namna gani?"

Safi akatazama chini.

"Sema," Zawadi akasema.

"Nilikuambia fundo njo alama ya mutu mwenye kubeba. Ya kuonyesha nimefika dukani." Sauti ya Safi ilikuwa haisikiki vizuri. Akaipandisha. "Niliwadanganya. Nyinyi wote. Nilijua ni haki ya mwenye kununua, nikawadanganya. Nilitaka shuka. Njo ile tu, shuka. Niliona haya kuvaa ile ya zamani kwa arusi."

Akamgeukia Mama Asumani.

"Halafu Kalume akafungwa. Sasa sitaki shuka. Mama Asumani, hii ushanga si yangu, mi najua. Lakini ngoma imelia mara mbili. Kama mutaigawanya, kila mutu atapata nyuzi chache, na mimi nitakosa mume. Nawaomba. Munitukane, munipige, mutanifanya vile munataka. Lakini kesho. Leo munipe."

Mama Asumani akamkaribia. Akamzaba kofi. Kofi la haki, la kusikika mpaka gatini.

"Hiyo njo ya uongo," akasema.

Akayakusanya mafundo matano, akayatia mikononi mwa Safi, akamkunja vidole juu yake.

"Na hii njo ya Kalume. Kalume alimuvusha mutoto wangu siku ya mafuriko, hakuniomba kitu. Kuna mutu anasema hapana?"

Mmoja nyuma alifungua mdomo. Mama Asumani akageuka. Ukafungwa.

"Kimbia sasa," akasema. "Kuanzia leo chumvi yangu nitanunua mwenyewe."

Safi akakimbia. Shavu linawaka, mafundo kifuani, shuka ameikusanya mkono mmoja. Zawadi akamfuata na mtoto wake mgongoni. Alikuwa bado amenuna, lakini alimfuata.

Gatini mitumbwi ilikuwa imeshapakiwa. Pembe za ndovu zimelazwa, wapiga kafi wamekaa. Kalume alikuwa ndani ya mtumbwi wa mwisho, nyuma kabisa, kamba shingoni, mikono imefungwa mbele. Alipomwona mke wake akasimama nusu, kamba ikamvuta, akakaa.

"Mnyapara!" Safi akaita. "Bwana mukubwa! Nimefika! Ngoma haijalia!"

Bulaimu alikuwa amesimama majini, maji yanamfika magotini. Mtu mfupi, mpole wa sauti. Hao wapole wa sauti niliwaambia tangu mwanzo tuwaogope. Akapokea mafundo, akalifungua moja, akazipitisha nyuzi mbele ya macho.

"Samesame nzuri," akasema.

"Mafundo tano, kamili. Umufungue."

"Umezipata wapi?"

"Kwa Hamadi. Sasa hivi."

"Sasa hivi." Bulaimu akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Baada ya mtu wa Nyangwe kufika, au kabla?"

"Baada."

"Basi Hamadi amekuuzia mbuzi aliyekufa, bibi. Yule mtu amekuja na habari. Nyangwe wameikataa samesame. Wanawake wa kule sasa wanataka ya buluu, ya buluu tu. Nyekundu huwezi kununua nayo hata ndizi moja. Mimi naelekea Nyangwe. Nitawavisha nani haya?"

"Ulisema samesame! Jana ulisema kwa mdomo wako!"

"Jana nilisema. Leo sitaki." Akamrudishia mafundo, taratibu, kama anayemrudishia mtu kitu alichoangusha. "Lakini nilipoteza chumvi, bibi. Chumvi haichagui rangi. Kule inapanda bei kila jua likichwa. Ungekuja na vibaba vitatu, vinne vya chumvi, mume wako angekuwa ameshashuka."

Safi akayatazama mafundo mekundu mkononi.

Vibaba vitano! Alikuwa navyo! Vilikuwa ndani ya kikapu chake, halali yake, Hamadi amevimimina kwa mkono wake! Na yeye akavimwaga, akashangiliwa. Akapiga yowe moja, akaukamata mdomo kwa mikono miwili.

"Ninarudi!" akasema. "Mi nitakimbia, Mnyapara, ngoja kidogo, ataibadilisha, atanipa chumvi."

"Safi." Ilikuwa sauti ya Zawadi. Alikuwa amegeuka, anatazama juu ya ukingo. "Hamadi anafunga duka."

Kweli. Kutoka pale waliona ubao wa mlango unasukumwa, wanawake wamesimama nje wanapiga kelele, na mafundo mekundu mikononi mwao. Nao walikuwa wameshasikia habari.

Ngoma ya mwisho ikaanza kulia.

"Kaa salama, Safi," Kalume akasema kutoka mtumbwini. Sauti yake ilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Safi zaidi. "Rudi nyumbani. Umefanya ya kutosha."

"Nyamaza wewe!" Safi akamwambia, analia. "Nyamaza!"

Bulaimu alikuwa anamtazama. Alimtazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Wewe ndiye Safi wa mafundo," akasema. "Nimesikia habari zako hapa mjini. Mwanamke anayenunua kibaba kimoja kikalisha kama viwili. Anayejua mvua ikinyesha aende duka gani."

"Sasa?"

"Watu wangu wanakula na mimi nakula hasara. Yule ninayemtuma kununua chakula ni mjinga. Kila kijiji anauziwa mihogo kwa bei ya nyama." Akajisogeza karibu. "Panda wewe. Unatununulia chakula njiani mpaka Nyangwe. Mume wako anabaki."

"Mpaka Nyangwe tu?"

"Nyangwe tu. Kutoka pale utarudi na mtumbwi wa kwanza unaoshuka."

"Safi, usipande!" Sasa Kalume hakuwa mtulivu tena. Alisimama, kamba ikamkaba, akasema hivyohivyo kwa koo lililobanwa. "Mi najua hii njia! Nyangwe ya huyu mutu haifikagi! Usipande!"

"Usipande, dada," Zawadi akasema. Alikuwa amemshika mkono. Kununa kote kumekwisha. "Tutaomba wazee. Tutatafuta chumvi mtaani, nyumba kwa nyumba."

"Lini?" Safi akamuuliza.

Ngoma ilikuwa inaharakisha.

"Umufungue kwanza," Safi akamwambia Bulaimu. "Ashuke, niguse mukono wake kwenye nchi kavu. Halafu nitapanda."

"Panda kwanza. Mimi nina mitumbwi yote hii inasubiri, na nimeshapoteza furushi. Sipotezi na asubuhi."

Sikilizeni, wasomaji wangu. Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kulipa kabla kitu hakijaingia kikapuni. Alinusa mafuta kabla ya kuyanunua. Alivunja muhogo kuangalia ndani. Mwenye duka akimwambia "lipa kwanza," alikuwa anaondoka bila kuaga. Ningemwekea dhamana kwa hilo.

Lakini kilichokuwa kinauzwa pale kilikuwa na macho, na kilikuwa kinamtazama.

Akampa Zawadi mafundo matano. "Uwarudishie wenyewe. Hata kama hayana bei. Umwambie Mama Asumani nilisema ahsante."

"Safi!"

Alipandisha shuka, akaingia majini. Maji yalikuwa baridi. Akashika ukingo wa mtumbwi, akajivuta, akakaa mbele ya Kalume. Kwa mara ya kwanza tangu juma lililopita magoti yao yaligusana. Kalume alikuwa analia bila sauti.

"Nimepanda," akamwambia Bulaimu. "Fungua."

Bulaimu akapanda pia, akakaa mbele, mgongo kwao. Akaweka mguu kwenye jiwe la ukingoni na kusukuma. Mtumbwi ukateleza.

"Fungua!" Zawadi akapiga kelele kutoka ukingoni. "Amepanda! Mufungue!"

"Bwana Bulaimu!" Safi akasimama, mtumbwi ukayumba. "Ulisema mume wangu anabaki!"

Bulaimu akageuza kichwa. Hakuwa amekasirika hata kidogo.

"Anabaki," akasema. "Anabaki palepale alipo. Nilikuambia anabaki Kindu?"

Wapiga kafi wakainama wote kwa pamoja. Ukingo ukaanza kurudi nyuma, Zawadi juu yake anakimbia kandokando ya maji, mtoto anarukaruka mgongoni. Kalume akamtazama mke wake, halafu akatazama chini, kwenye sakafu ya mtumbwi, katikati ya miguu yao. Palikuwa na kafi ya akiba, nzito, ya mti mgumu. Bulaimu alikuwa ameshageukia mbele tena, mgongo wake hatua mbili tu kutoka kwa Safi.

Safi akainama, akaishika.